Maziwa Hayaoshi Mapafu: Namna Kazi za Nyanda za Juu Kusini Zinavyoingia Mwilini

Kwenye makarasha ya Chunya, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwenye mashine za mbao za Mafinga na kwa wapiga rangi wa Mwanjelwa jijini Mbeya utasikia ushauri mmoja: ukimaliza kazi ya vumbi au ya dawa, kunywa maziwa, yanasafisha kifua. Wapo waajiri wanaoyagawa kwa nia njema kabisa, na kwa mtu aliyeshinda na njaa ni lishe nzuri. Ila kifuani hayafiki. Njia ya chakula na njia ya hewa huachana pale kooni. Maziwa yanashuka tumboni, vumbi linashuka mapafuni, na huko chini hayakutani tena. Mwajiri anayenunua maziwa kila siku huku hana pipa la maji la kulowesha mawe ametoa fedha zake, lakini kinga hajanunua.

Mikoa hii ina kazi za kila aina. Kuna dhahabu Chunya, mpunga Mbarali, chai Mufindi na Rungwe, viazi Njombe na Uporoto, nyanya Ilula, mbao na nguzo Mafinga, malori ya Tunduma. Kila kazi ina mlango wake wa kumwingilia mtu: pua, ngozi, sikio au mgongo. Ukishaujua mlango, unajua kinga ipi inafaa na ipi ni kujifariji.

Vumbi lisiloonekana

Dhahabu ya Chunya kwa sehemu kubwa hukaa ndani ya mwamba mweupe wa kwatzi, na kwatzi ni madini ya silika. Mwamba huo ukipigwa nyundo, ukitobolewa au ukisagwa kwenye karasha, hutoa vumbi la ukubwa tofauti. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Vumbi linalozidi mikroni 10 hunaswa puani na kooni. Ndilo hilo linalotoka na kamasi chafu jioni. Lile la chini ya mikroni 4 au 5 hupita moja kwa moja hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu, mahali pasipo na kamasi wala vinyweleo vya kulisukuma nje.

Likifika huko, seli za ulinzi hulimeza kama zinavyomeza vijidudu. Silika haimeng'enyeki. Seli inakufa, inamwaga vimeng'enya vyake, seli nyingine inakuja kuokota chembe ile ile nayo inakufa, na kila mara linabaki kovu. Pafu lenye makovu halitanuki wala halipitishi hewa. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi la kiasi. Anayefanya kazi kwenye vumbi zito, mathalani ndani ya banda la karasha kavu lililozungushiwa mabati, anaweza kuupata ndani ya miaka michache, na aina yake kali kabisa imeonekana kwa watu waliofanya kazi miezi tu. Hakuna dawa ya kuondoa kovu, na ugonjwa huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi.

Kosa linaloumiza wengi ni kuamini macho. Karasha linazimwa, wingu linatua ndani ya dakika chache, watu wanavua barakoa na kukaa pale pale kula. Kilichotua ni vumbi kubwa, lile lenye madhara madogo. Chembe ya mikroni 2 huanguka kwa kasi isiyofika nusu milimita kwa sekunde hata kama hewa imetulia kabisa, kwa hiyo kutoka usawa wa pua ya mtu aliyesimama hadi sakafuni itachukua zaidi ya saa nzima. Upepo kidogo, au mtu akipita, inapanda tena. Mahali pa kula pawe mbali, upande unaotoka upepo, na nguo za kazi zisiingie hapo.

Kinga ya kwanza ni maji. Mawe yanyunyiziwe kabla ya kupigwa nyundo, yaani yaloweshwe uso mzima hadi yabadilike rangi. Mashine ya kutoboa iwe na mrija wa maji unaofika kwenye ncha. Karasha linalosaga na maji hutoa tope badala ya vumbi, na tope linakwenda moja kwa moja kwenye mwalo, yaani mteremko wa kukamatia dhahabu. Kwa anayelazimika kusaga kavu, mawe yaliyoloa nusu nusu hayasaidii kitu, yanaganda ndani ya ngoma ya karasha. Huyo anahitaji kufunika mdomo wa kuingizia na wa kutolea, na kuondoa mabati ya kuzunguka banda ili upepo upite. Sehemu ya hatari kuliko zote ni kumimina unga kutoka kwenye ngoma kwenda kwenye kiroba. Hapo mtu huinama na uso wake uko sentimita chache juu ya mdomo wa kiroba. Funga kiroba kwenye mdomo wa ngoma kwa kamba kabla ya kuufungua. Usifagie kavu. Nguo zisikung'utwe, zifuliwe, na zisifuliwe pamoja na za watoto.

Barakoa inakuja mwisho, na siyo kila barakoa. Kitambaa, hata kikikunjwa mara tatu, huzuia vumbi kubwa na kuachia dogo. Barakoa ya hospitali, ile ya bluu, imetengenezwa kuzuia mate ya anayeivaa, na pembeni ina mianya inayopitisha hewa bila kuchuja. Inayofaa kwa vumbi ni yenye alama ya N95 au FFP2, na inafanya kazi pale tu inapobana uso pande zote. Ndevu za siku mbili zinatosha kuiharibu. Vaa, funika sehemu ya mbele kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu: ukisikia hewa inakupuliza machoni, haijakaa sawa.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu silika ambalo linastahili kubandikwa kwenye kila banda la karasha. Pafu lililoathirika na silika hushindwa kupambana na kifua kikuu, na hatari ya kuugua TB huongezeka mara kadhaa; kwa mwenye maambukizi ya VVU huongezeka zaidi. Tena magonjwa haya mawili hufanana kwa dalili, yaani kukohoa, kukonda na kubanwa pumzi. Hivyo wapo wanaopewa dawa za TB kwa miezi sita, wanamaliza, kikohozi kiko pale pale, na wanaanzishiwa tena bila mtu kuuliza walikuwa wakifanya kazi gani.

Zebaki: hatari iko kwenye mvuke

Mchenjuaji, yaani anayetumia zebaki kunasa dhahabu kwenye unga wa mawe, akiishika kwa mikono mitupu huambiwa kwamba inapenya ngozi na kumwua. Hupenya kidogo sana. Hata ikimezwa ikiwa maji maji, sehemu yake ndogo mno ndiyo inayobaki mwilini. Hatari kubwa ni mvuke. Asilimia 80 hivi ya mvuke wa zebaki unaovutwa hubaki mwilini, unaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo. Na zebaki haisubiri moto: kwenye nyuzi joto 20 tu, chombo kilichoachwa wazi ndani ya chumba kilichofungwa kinaweza kuifikisha hewa karibu miligramu 13 kwa kila mita ya ujazo. Wataalamu wengi wa afya ya kazi hutumia kikomo cha miligramu 0.025 kwa mita ya ujazo kwa siku ya kazi. Ndiyo maana zebaki ihifadhiwe kwenye chupa ngumu yenye kizibo, juu yake pakiwa na maji ya kina cha vidole viwili, na isilale chumba kimoja na watu.

Donge la dhahabu na zebaki linalobaki baada ya kukamua kwenye kitambaa bado lina zebaki karibu nusu ya uzito wake. Likichomwa juu ya jiko la mkaa, nusu hiyo yote inakwenda hewani. Anayechoma anavuta ya kwanza. Inayobaki inaganda kwenye bati, ukuta na sufuria, kisha inapanda tena hewani kila jua likipiga bati. Kuchoma jikoni nyumbani kunamfikia mama mjamzito na mtoto anayetambaa, ambao dhahabu yenyewe hawajaigusa. Maduka ya kununulia dhahabu nayo yana tatizo hilo, kwa sababu mnunuzi huchoma tena ili kusafisha mabaki kabla ya kupima.

Ritoti inakamata sehemu kubwa sana ya mvuke huo na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumia tena. Ni chombo kidogo cha chuma chenye kifuniko kinachokazwa na bomba linaloshuka. Namna ya kukitumia ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Kamua donge vizuri kwanza, liweke ndani, kaza kifuniko na ziba ukingo kwa udongo wa mfinyanzi uliolowa. Bomba lishuke mteremko mfululizo, lisiwe na bonde litakalokusanya zebaki njiani, na lizungushiwe kitambaa unachokimwagia maji kila mara. Mdomo wake uguse uso wa maji kwenye chombo cha chini tu. Usizamishwe: moto ukipungua, ritoti inavuta maji kurudi ndani ya chuma chenye moto, na hapo hupasuka. Moto uanze mdogo. Matone yakikoma kudondoka, inua bomba kutoka kwenye maji kwanza, ndipo uondoe moto. Kisha subiri ipoe kabisa. Anayefungua ritoti ya moto ili aione dhahabu anavuta pumzi ya mwisho ya mvuke uliokuwa umebaki ndani, na hapo faida yote ya chombo imepotea. Yote haya yafanyike nje, upepo ukitoka mgongoni.

Dalili za zebaki huanza kimya: vidole vinatetemeka mtu akishika kikombe au kalamu, mwandiko unabadilika, usingizi unakatika, hasira zinakuwa za karibu, kumbukumbu inapungua. Jamaa husema amelogwa au amezidisha pombe. Kipimo kinachofaa kwa aliyevuta mvuke ni cha mkojo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unataka yakomeshwe ni kuchoma donge wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kuyaingiza marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa) yenye zebaki kwenye sainaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, bila kuiondoa zebaki kwanza. Hilo la mwisho linafanyika sana, na ni baya kwa sababu sainaidi huiyeyusha zebaki na kuisambaza kirahisi kwenye maji. Sainaidi yenyewe ina kanuni moja isiyo na mjadala: pH, yaani kipimo cha uchachu, isishuke chini ya 10, na chokaa ndiyo inayoishikilia hapo. Ikishuka, au mtu akimwaga tindikali karibu, hutoka gesi inayoua kwa dakika.

Hewa inayoua bila harufu

Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likijaa maji, mtu anashusha pampu ya petroli hadi chini ili ivute vizuri. Pampu inajaza shimo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyong'ang'ania. Anayeshuka kuangalia kwa nini pampu imezimika analegea miguu na kuanguka. Rafiki yake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka. Hivyo ndivyo duara moja linavyochukua watu wawili au watatu. Injini ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo, kinachoshuka ni mpira tu. Kama kina kinazidi uwezo wa pampu kuvuta, inahitajika pampu ya umeme ya kuzamishwa. Barakoa ya vumbi ya aina yoyote haichuji gesi hii. Mtu akianguka, pulizia hewa safi kwa kipulizio, mvute kwa kamba kutoka juu, na asishuke mtu bila kufungwa kamba inayoshikwa na walioko nje.

Gesi hiyo hiyo huja kwa sura nyingine kwenye baridi ya Makete na Njombe, hasa Juni na Julai. Mlinzi wa usiku anaingiza jiko la mkaa kwenye kibanda, anaziba mlango kwa kiroba, analala. Kufunika mkaa kwa majivu hakusaidii. Hupunguza oksijeni inayoufikia moto, na mkaa unaoungua kwa hewa haba ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Kichwa kugonga, kichefuchefu na kizunguzungu kinachoisha mtu akitoka nje ni onyo kamili. Mwajiri wa mlinzi ampe koti zito na blanketi, na jiko libaki nje ya mlango.

Ngozi nayo inakunywa

Wapiga dawa wa viazi na nyanya huogopa harufu, kwa hiyo hufunga kitambaa puani na kuacha mikono na mgongo wazi. Kwa upigaji wa bomba la mgongoni, sehemu kubwa ya dawa inayoingia mwilini hupita kwenye ngozi. Na ngozi hazilingani: ya kiganja ni nene, ya mkono wa mbele hupitisha kiasi, ya kwapa na ya sehemu za siri hupitisha kwa wingi sana. Kwa hiyo unapotoka shambani nawa mikono kwa sabuni kabla ya kwenda haja ndogo, siyo baada tu. Ni jambo dogo na halisemwi, labda kwa aibu, lakini kwa mwanamume ni miongoni mwa kinga za bei nafuu kuliko zote.

Bomba linalovuja ndilo adui mkuu. Lijaze maji matupu kwanza, libebe, pampu mara ishirini, kisha kagua sehemu nne: mpira wa kifuniko, maungio ya mrija chini ya tangi, kitufe cha kuachia, na ncha ya kupulizia. Likivuja kifunikoni, kila unapoinama dawa inashuka mgongoni hadi makalioni na kukaa hapo kutwa nzima. Ncha ikiziba usiipulize kwa mdomo, chokonoa kwa kijiti laini cha jani na suuza. Kwenye baridi ya Uwanda wa Njombe watu hupiga dawa wakiwa wamevaa koti zito lile lile wiki hadi wiki. Koti limekuwa sifongo la dawa, na jasho likitoka linairudisha kwenye ngozi. Shati jepesi la mikono mirefu linalofuliwa kila siku ni bora kuliko koti hilo.

Hatari kubwa iko wakati wa kuchanganya, kwa sababu dawa bado ni nzito. Hapo ndipo glavu za mpira na miwani zinapohitajika kuliko shambani. Pima kwa kipimo chenye mililita: lebo ikisema mililita 2 kwa lita moja ya maji, bomba la lita 20 linataka mililita 40. Vizibo havilingani ujazo, na "vizibo viwili" vya kampuni moja vinaweza kuwa mara mbili ya vya kampuni nyingine. Kwa ajili ya kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, wengi huongeza dozi au kuchanganya dawa tatu kwenye bomba moja. Mdudu akishazoea dawa hiyo, dozi mara mbili haimwondoi, inamwumiza anayeibeba. Angalia mkanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ndiyo kali kuliko zote, inafuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Wakati wa kupiga, tembea upepo ukikupiga ubavuni na usipite kwenye majani uliyokwisha kuyalowesha. Chupa tupu suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba, kisha itoboe ili isije ikawekwa mafuta ya taa au maziwa.

Dawa nyingi za wadudu hufanya kazi kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na kwa binadamu vilevile. Jasho jingi, mate na machozi kutiririka, mboni za macho kuwa ndogo, tumbo kukata, misuli kucheza: hizo ni dalili za dharura. Mvue nguo zote, mwogeshe kwa sabuni na maji mengi, mpeleke hospitali pamoja na lebo ya dawa, kwa kuwa daktari anahitaji jina la kiambato ili ajue kama atoe atropini. Usimtapishe. Usimpe maziwa: hayaondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu, na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa akafa kwa maziwa yenyewe.

Wakulima wa tumbaku wa Chunya wanapata sumu bila hata kupiga dawa. Jani bichi la tumbaku likiwa na umande au mvua hutoa nikotini ambayo hupenya ngozi. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi jioni au usiku, mvunaji anatapika, kichwa kinauma, anazunguzika. Anapima malaria, hakuna. Anakunywa dawa ya malaria hivyo hivyo. Hali huisha kwa siku moja au mbili na kurudi akivuna tena. Kinga ni kusubiri umande ukauke, kubadili nguo zilizoloa papo hapo, na kuwaweka watoto mbali na kazi ya kuvuna, maana uzito wao mdogo unafanya kiasi kile kile kiwe kikali kwao.

Mbarali ngozi hupitisha kitu chenye uhai. Vidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa hiyo kazi ya kuingia majarubani ikianza alfajiri hupunguza hatari japo haiiondoi. Gambuti zinasaidia kwenye mifereji. Anayetumia dawa kila mwaka na kurudi kwenye maji yale yale ataambukizwa upya, na damu kwenye mkojo siyo ishara ya ukubwa kama vijana wengine wanavyoaminishwa.

Mafinga: kelele na kuni za kijani

Mashine za ding dong zinapasua magogo ya paini kwa msumeno wa duara ulio wazi, na hatari ya kukatwa kila mtu anaiona. Kinachohitajika kinajulikana: kifuniko juu ya msumeno, wavu kwenye mikanda ya injini, kisu cha kutenganisha mbao nyuma ya meno ili ubao usibane na kurushwa kwa mwendeshaji, na fimbo ya kusukumia sentimita 30 za mwisho. Kisichoonekana ni kelele. Kikomo cha kawaida ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda salama hukatika nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Msumeno wa duara ukipasua hufika desibeli 100 hivi. Mwendeshaji asiye na kinga ya masikio amemaliza posho yake ya kelele kabla ya chai ya asubuhi. Pamba haizuii kelele hizo. Vinavyofaa ni vizibo vya sponji vinavyosokotwa na kuingizwa hadi ndani, au vifuniko vya kubana masikio. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi, na hupotea kwanza kwenye sauti nyembamba, hivyo mtu husikia kwamba anasemeshwa ila hashiki maneno.

Kuna jambo la Mafinga linalohitaji kusemwa kwa sauti. Nguzo za umeme za milingoti (mikaratusi) hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, nazo huwa na rangi ya kijani. Vipande vinavyokatwa vikichukuliwa kama kuni, moshi wake hubeba aseniki, na majivu yake yana sumu nyingi zaidi kwa uzito kuliko mti wenyewe. Mama lishe anayepikia kuni hizo anaivuta, na majivu akisugulia sufuria au kumwaga bustanini anaipeleka kwenye chakula. Kiwanda kinachotibu nguzo kisiruhusu hata kipande kimoja kitoke getini kama kuni. Mabanzi ya mbao ambazo hazijatiwa dawa hayana shida hiyo.

Mgongo, usingizi na malipo ya kipande

Wataalamu wa Marekani wa afya ya kazi wameweka kilo 23 kuwa uzito wa juu wa kunyanyua katika mazingira bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hakuna kupinda kiuno, mshiko ni mzuri. Gunia la rumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, la viazi huko Njombe huzidi kilo 100, nalo hubebwa mgongoni kupanda ubao wa lori. Sheria ya Vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na kwa kawaida rumbesa huzungumzwa kama wizi kwa mkulima. Ni hivyo, lakini pia ni pingili za mgongo za mbebaji zinazosagika akiwa kijana. Magunia ya kilo 50 yabebwe na watu wawili. Hapo kila mmoja yuko karibu na kiwango kinachovumilika.

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma ana zaidi ya kilomita 900 mbele yake, na mlima Kitonga katikati. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huitikia kwa uzito unaolingana na wa mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kahawa na mirungi humfanya ajisikie macho. Uamuzi wake unabaki wa mtu aliyechoka.

Haya yote yanaunganishwa na namna ya kulipa. Mchumaji chai hulipwa kwa kilo, mbebaji kwa gunia, mpasuaji kwa idadi ya mbao, mpiga dawa kwa bomba. Kila dakika ya kuvaa glavu, kulowesha mawe au kusubiri umande inatoka mfukoni mwake. Kumlaumu kwamba hapendi vifaa vya kinga ni kutomtendea haki. Mwajiri anayetaka kinga zitumike alipe muda wa kinga: dakika za kukagua bomba, za kuoga, za kupumzika, ziwe ndani ya ujira.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri agharimie vifaa vya kinga na apime afya ya mfanyakazi kabla ya kuanza, akiwa kazini, na anapoondoka. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia, WCF, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Kumkata mfanyakazi ni kosa. Mfuko unalipa ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi. Mchimbaji anayejichimbia mwenyewe hana mwajiri wa kumchangia, na hili ni pengo kubwa kwa Chunya.

Ukifika zahanati

Mganga mwenye foleni ya watu sitini atasikia "kifua" na kuandika antibaotiki. Mwambie kazi kabla ya dalili: nimesaga mawe kwenye karasha kavu tangu mwaka fulani, nachoma zebaki kila Jumamosi, napiga dawa ya nyanya na hii hapa lebo yake. Mweleze kama unapata nafuu siku za mapumziko na kuzidiwa ukirudi kazini, maana pumu ya vumbi la mbao hutambulika hivyo. Kama umewahi kutibiwa TB bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi, taja, na uombe picha ya kifua pamoja na kipimo cha kupuliza kinachoonyesha uwezo wa mapafu. Nakala ya kila kipimo itunzwe na mfanyakazi mwenyewe, pamoja na tarehe na jina la sehemu aliyokuwa akifanya kazi. Makarasha hufungwa, wenye mashine huhama, na bila picha ya kwanza daktari hana cha kulinganisha na ya pili, wala Mfuko hauna cha kufanyia hesabu ya fidia.